Choo cha Nyumba ya Mwisho

Mama Filimbi hakuzaliwa na jina hilo, alibandikwa. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mrefu, mwenye sauti inayosikika mashamba mawili mbele, na shingoni alining'iniza filimbi ya plastiki kama zile za waamuzi wa mpira. Kazi ya filimbi hiyo ilikuwa moja tu. Alfajiri, watu walipojipenyeza vichakani kujisaidia, yeye na wanawake watatu wa kamati yake walinyata nyuma yao, na wakimkuta mtu amechuchumaa, filimbi inalia. Inalia mpaka watu watoke majumbani kuja kutazama. Kisha pale penye kinyesi kinachomekwa kijiti chenye kibendera cha karatasi nyekundu, na kwenye karatasi jina la mwenye mzigo limeandikwa kwa herufi kubwa, ili kila anayepita asome.

Usinitolee macho. Ndivyo walivyofundishwa semina: mtu hachimbi choo kwa kuelezwa, anachimba kwa kuona aibu. Na tusimnyime haki yake, kazi aliifanya. Kabla yake, kila masika watu walikuwa wakiharisha kwa zamu, nyumba hii leo, ile kesho. Alianza na kijiji jirani, kile cha ng'ambo ya bonde, na ndani ya mwaka mmoja kila nyumba ikawa na choo, wakasimikiwa bango barabarani: KIJIJI HIKI KILA NYUMBA INA CHOO. Viongozi walikuja, picha zikapigwa. Mama Filimbi alisimama katikati ya picha, na picha hiyo akaitundika sebuleni kwake, mahali ambapo wengine hutundika ya harusi. Halafu akakigeukia kijiji chake mwenyewe, akiwa na uchu wa bango la pili.

Watu aliwafundisha kuchimba kwa namna yake. "Chimba mpaka nyayo zilowe," aliwaambia. Maana shimo likifika kwenye maji halijai. Uchafu unayeyuka, unashuka, unakwenda zake, na harufu inapungua. Wenye mashimo ya hivyo walijisifu miaka mitano, sita, hawajahamisha choo. Unakwenda zake wapi? Hakuna aliyeuliza, kwa sababu fomu haikuuliza. Fomu ya Mama Filimbi ilikuwa na safu mbili tu, choo kipo na choo hakipo, na yeye alikuwa mtu wa kuweka alama ya vema penye kipo. Katika kitabu cha semina kulikuwa na ukurasa uliosema kati ya choo na kisima ziwe hatua thelathini. Aliusoma. Lakini viwanja vya huko ni vyembamba, nyumba zimebanana, kila ua una kisima chake cha kuchota kwa kamba, na watu wakianza kubishana juu ya hatua hawachimbi kabisa. Basi akawa anapima kwa miguu yake mirefu, anafika kumi na mbili, anasema inatosha.

Sasa tuje kwenye nyumba yake, maana ndiko kisa kinakozama. Alikuwa na mtoto mmoja tu, mwanamume, dereva wa trekta kwenye mashamba makubwa ya mbali, anarudi kila baada ya miezi miwili. Mke wa huyo kijana alijifungua mtoto wa kike, na siku ya sita akatokwa damu mpaka akafa. Mtoto akabaki. Bibi wawili wakamgombania kabla hata matanga hayajaanuliwa. Bibi mzaa mama, wa kile kijiji cha ng'ambo ya bonde, alisema damu ya mwanawe iliyobaki duniani ni hii tu, apewe alee. Mama Filimbi akasema mtoto ni wa upande wake. Kijana akamkabidhi mama yake. "Wewe ni mtu wa afya, mama," alisema. "Nani atamtunza kwa usafi kukushinda wewe?" Bibi mzaa mama aliondoka bila kuaga, na kutoka siku hiyo wakwe hao wawili walikuwa wakisalimiana kwa ncha ya ulimi.

Na kweli alimtunza. Mtoto alikunywa maziwa ya kopo, na maji ya kukorogea aliyateka mwenyewe kisimani kwake, akayachuja kwa kitambaa cheupe, akayachemsha. Si kuchemsha kwa kubahatisha. Aliyaacha yatokote mpaka yapungue nusu ya sufuria, ndipo anaridhika kwamba hakuna mdudu aliyebaki hai mle. Chupa za mtoto alizichemsha kwenye sufuria nyingine. Mtoto akanawiri, akaanza kucheka na dari, na Mama Filimbi, mwanamke aliyekuwa akiogopwa na wanaume wazima, akawa anaonekana barazani akiimba nyimbo za kipuuzi alizozitunga papo hapo, zenye maneno ya tumbo na vidole na pua.

Bango la pili lilikuwa limekwamia kwenye nyumba moja. Huko juu kilimani, nyumba ya mwisho, alikaa mjane mmoja msuka mikeka, mzee wa miaka sitini na kitu, mdogo wa mwili, mkavu. Kiwanja chake kilikuwa kama utepe, kinapanda mlima. Chini kabisa ni mwamba, katikati nyumba, na kisima kiko hapo hapo pembeni mwa mwamba. Udongo laini ulikuwa upande wa juu peke yake. Mama Filimbi alikuwa amemfuata mara tisa.

"Nichimbe wapi?" yule mjane alikuwa akiuliza. "Chini jiwe. Juu ndiko maji ya kisima changu yanakotoka. Nikaweke kinyesi juu ya maji ninayokunywa?"

"Visingizio," Mama Filimbi alijibu. "Nyumba mia na arobaini zimechimba, wewe nani?"

"Mimi ni mwenye kisima."

Jibu hilo lilimkaa Mama Filimbi kooni. Akaamua kumkomesha.

Asubuhi aliyoichagua, aliichagua akijua. Mjane alikuwa na mgeni. Baba mkwe wa binti yake, mzee mwenye heshima zake, alikuwa amekuja kuleta habari za wajukuu na kulala. Mama Filimbi alimwona jioni akipanda kilima na begi lake, akawaambia wenzake wa kamati, kesho ndiyo siku. Kulipopambazuka walimkuta mjane nyuma ya vichaka vya kando ya njia, nguo ameikusanya kiunoni. Filimbi ikalia. Ikalia kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mjane hakuweza kusimama kwa sababu hakuwa amemaliza, na hakuweza kubaki. Watu wakatoka. Na yule mzee naye akatoka mbio akidhani kuna moto, akaja mpaka pale, akamwona.

Mkwe wake, jamani. Mtu ambaye mbele yake mjane huyo hakuwahi hata kutafuna mdomo wazi. Mzee aligeuza uso, akarudi ndani, akachukua begi lake, akashuka kilima bila kunywa hata chai. Binti wa mjane hajaja tena na watoto kutoka siku hiyo. Mama Filimbi alichomeka kibendera chake, na kwa kuwa alikuwa katika hali ya kuchangamka, juu ya karatasi hakuandika jina la mwanamke. Aliandika BI KICHAKA. Wanakamati walicheka mpaka wakashikana mabega. Jina likashika.

Bi Kichaka alichimba choo. Hakuomba mtu. Wiki tatu alikuwa akionekana upande wa juu wa kiwanja na jembe na ndoo, mwanamke wa umri ule anashuka shimoni kwa ngazi ya miti, anapanda na udongo kichwani. Akachimba mpaka nyayo zikalowa, kama alivyofundisha mwalimu. Akasakifu kwa magogo na udongo, akajenga kuta za matete, akaning'iniza mlango wa bati. Mama Filimbi alipanda na fomu yake, akachungulia, akaweka vema. Bi Kichaka alisimama pembeni mikono imejaa malengelenge. Wiki iliyofuata bango likasimikwa, na Mama Filimbi akapigwa picha ya pili.

Siku nne baada ya picha, mjukuu alibadilika rangi.

Ilianzia midomoni. Mama Filimbi alidhani ni baridi, akamfunika. Kisha kucha zikawa za kijivujivu cha bluu, na ngozi ya kuzunguka mdomo ikawa kama ya mtu aliyezama. Mtoto hakulia sana, na hilo ndilo lililomtia hofu bibi yake. Alikuwa amelegea tu, anapumua harakaharaka. Mama Filimbi alimfunga mgongoni, akatimua mbio hadi zahanati, na njiani kila mara alipinda mkono nyuma kumgusa mguu.

Muuguzi wa zahanati alikuwa mwanamke kijana, mpole wa sauti, si mtu wa maneno mengi. Alitoa tone la damu ya mtoto akaliweka kwenye pamba. Damu haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya rangi ya kahawa. Muuguzi aliitazama, akamweka mtoto kwenye hewa ya mtungi, akapiga simu, gari likamchukua mpaka hospitali kubwa wakamchoma dawa. Baada ya siku tatu mtoto alirudi na rangi yake. Hapo ndipo muuguzi alipomkalisha Mama Filimbi kwenye benchi.

"Anakunywa maji ya wapi, mama?"

"Ya kwangu. Na nachemsha. Nachemsha mpaka yanabaki nusu."

Muuguzi alishusha pumzi. "Kuchemsha kunaua wadudu, mama. Hiki si mdudu. Ni kitu kama chumvi kinachotoka kwenye kinyesi na mkojo, kinaitwa naitreti, kinasafiri na maji chini ya ardhi. Hakionekani, hakinuki, hakina ladha. Mtu mzima hakimwangushi. Mtoto mchanga wa maziwa ya kopo kinamharibu damu, haibebi hewa. Na ukichemsha, maji yanapungua, chenyewe kinabaki pale pale. Yale uliyokuwa unampa yalikuwa makali mara mbili."

Mama Filimbi alikuwa akiyaona yale masufuria yote, asubuhi na jioni, miezi mitatu.

Muuguzi alizunguka kijiji na vikaratasi vyake vya kupimia. Unakichovya kwenye maji, unasubiri dakika moja, kikigeuka waridi maji hayafai kwa mtoto. Mama Filimbi alifuatana naye ua kwa ua, na kila ua aliufahamu, kila choo alikuwa amekipima kwa miguu yake. Vikaratasi viligeuka waridi. Vingine vikaenda mpaka zambarau. Palipokuwa na mashimo marefu zaidi, yale aliyoyasifia, ndipo rangi ilipokoza. Kisima kimoja tu kikaratasi kilibaki cheupe, nacho kilikuwa kando ya mwamba, nyumba ya mwisho kilimani. Muuguzi alichovya mara mbili kuhakikisha.

Halafu akainua macho akaona mlango wa bati upande wa juu. "Kile cha lini?"

"Wiki mbili," alisema Mama Filimbi.

"Kimefika kwenye maji?"

"Kimefika."

"Hiki kisima kitaharibika," muuguzi alisema. "Udongo ni mchanga, na maji yanashuka huku. Mwezi mmoja, labda miwili. Kikifungwa sasa hivi kitabaki salama, bado uchafu ni kidogo. Huyo mtoto akifikisha miezi sita, tumbo lake litakuwa limekomaa, hatari inapungua. Una miezi mitatu ya kumtafutia maji, mama. Mto umekauka, mvua bado. Sioni maji mengine." Kesho yake muuguzi aliitwa mafunzoni mjini, wiki tatu, zahanati ikabaki na mlinzi.

Kwa hiyo Mama Filimbi akapanda kilima. Alimkuta Bi Kichaka barazani, mkeka nusu umemlalia mapajani.

"Shikamoo, dada," alisema. Hakuwahi kumwamkia hivyo.

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba maji. Ya mtoto."

"Chota." Bi Kichaka hakuinua macho. "Maji hayajawahi kunyimwa mtu hapa. Mtoto hana kosa."

Mama Filimbi alichota, akarudi na ndoo mpaka barazani, akasimama. Aliona tabu kuanza. Kisha akalieleza lote kama muuguzi alivyoeleza, damu ya rangi ya kahawa, vikaratasi, mchanga, miezi mitatu. "Nakuomba ukifunge choo chako, dada. Miezi mitatu tu."

Vidole vya Bi Kichaka viliacha kusuka. "Niende wapi?"

"Njoo kwangu. Choo changu ni chako, usiku na mchana."

"Nishuke kilima kizima kila nikibanwa, nipite mbele za watu, nikabishe hodi kwako kama mtoto anayeomba ruhusa ya mwalimu."

"Basi… kule kwa zamani."

"Sema kule wapi."

"Kichakani. Mimi nitasimama mlinzi, nikushikie nguo, mtu asikuone."

Bi Kichaka alimtazama kwa mara ya kwanza. Nikwambie, hakuwa na uso wa mtu anayefurahia. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka. "Miaka yote hii nilikwambia juu ni maji," alisema. "Nilikwambia mara tisa, nikahesabu. Ungenisikiliza, leo usingekuwa hapa. Hukutaka kusikia, ulitaka watu wacheke. Binti yangu hajaja. Mkwe wangu ameniona uchi wangu wa kuchuchumaa, na nitakufa akiwa ameniona. Hiki choo nimekichimba kwa mikono hii. Sikifungi."

"Mtoto atakufa."

"Nimesikia."

Mama Filimbi alipiga magoti. Wanaomfahamu hawaamini, lakini alipiga, akashika ukingo wa mkeka. Bi Kichaka aliuvuta mkeka wake. Kisha akasema polepole, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayempangia mtu kazi ya shamba.

"Kesho alfajiri nenda wewe. Pale pale uliponikuta. Uchuchumae, na usiigize, ufanye kweli. Filimbi yako niletee leo nibaki nayo. Nitaipuliza mimi. Watu wakija, usisimame mpaka niseme. Halafu nitakifukia choo kesho hiyo hiyo, hata kabla ya chai. Nami ni mtu wa neno langu, hilo unalijua."

Mama Filimbi aliivua filimbi shingoni hapo hapo, akampa.

Usidhani alikesha akiwaza. Hakuwa na la kuwaza, mtoto alikuwa ubavuni kwake anapumua vizuri, midomo ya waridi kwa maji ya kilimani. Alfajiri alimwacha kwa jirani, akapanda, akaikusanya nguo kiunoni pale kwenye vichaka vya kando ya njia. Mwanzo haikuja. Mwili ulikataa. Alifumba macho akajilazimisha mpaka machozi yakamtoka, na ikaja, na filimbi ikalia juu ya kichwa chake.

Bi Kichaka aliipuliza bila haraka, anavuta pumzi, anapuliza tena. Watu walitoka. Mwanzo walidhani kamati imeshika mtu, wakaja na vicheko vyao vya kawaida, na walipoona ni nani wakanyamaza. Mtu wa kwanza kucheka alikuwa mwanakamati wake mwenyewe, yule aliyekuwa akibeba vibendera. Baada ya hapo walicheka wote. Kuna wanaume aliowapulizia wao walijipigia mapaja. Mwanamke mmoja aliuliza, "Kamati iko wapi leo?" na mwingine akainua simu akapiga picha ya video, taratibu, kuanzia miguuni hadi usoni. Mama Filimbi hakusimama. Aliangalia chini, kati ya miguu yake, akahesabu hatua za siafu waliokuwa wakipita. Hakuna aliyejiuliza kwa nini hasimami. Walisema amerukwa na akili, kifo cha mke wa mwanawe kimempanda kichwani.

"Simama," Bi Kichaka alisema hatimaye.

Na akafanya kama alivyosema. Alichukua jembe, akabomoa kuta za matete, akarudisha udongo wote shimoni, kazi ya wiki tatu aliizika kabla jua halijakaa sawa. Alipomaliza alimsaidia Mama Filimbi kujitwika ndoo. "Sasa tuko sawa," alisema. "Njoo kila siku. Usibishe hodi."

Siku nne zilikuwa nzuri. Mama Filimbi alipanda na kushuka, watu wakimcheka wazi, watoto wakimwita kwa jina jipya ambalo sitalirudia hapa. Hakujali. Alikuwa akikoroga maziwa na kumkagua mtoto rangi ya kucha zake. Siku ya tano aliwaona mwanawe na bibi mzaa mama wakiingia uani pamoja, na yule kijana hakumwamkia mama yake, alikuwa ameshika simu mkononi.

Picha ilikuwa imefika mpaka kwenye mashamba ya trekta. Wenzake walikuwa wameiona kabla yake.

"Mama, hii ni wewe?"

"Ni mimi. Kaa nikueleze."

Alieleza. Alieleza vizuri kuliko alivyowahi kueleza kitu chochote katika maisha yake ya kueleza watu mambo. Lakini jaribu wewe kusikiliza mama yako akikwambia kwamba alijisaidia mbele ya watu ili choo cha mtu kifungwe ili maji yasiharibike ili mtoto asigeuke bluu. Kijana alisikiliza akitazama ukuta. Bibi mzaa mama alikuwa ameshaanza kukunja nguo za mtoto.

"Kwako maji ni mabaya," Mama Filimbi alimwambia mkwewe. "Choo chako nilikisimamia mimi. Shimo lako ndilo refu kuliko yote. Nakuapia, usimpe maji ya pale."

"Nimelea watoto wanane kwa kisima kile."

"Hukuwa na choo wakati huo."

"Sasa choo kimekuwa kibaya? Wewe si ndiye uliyetupatia bango?" Bibi mzaa mama alimwinua mtoto, akamweka begani, akampapasa mgongo kwa upole wa kweli. "Usihangaike, mkwe wangu. Nitachemsha. Nitachemsha vizuri kabisa."

"Muulize muuguzi, mwanangu," Mama Filimbi alimwambia kijana. "Mpigie."

"Simu yake haipatikani. Nimepita zahanati, imefungwa." Alikuwa analia, huyo kijana, msimfikirie vibaya. "Pumzika, mama. Ukipata nafuu nitamrudisha."

Kwa hiyo kila alfajiri Mama Filimbi hupanda kilima akachota, anajitwika ndoo, anashuka bonde, anapanda ng'ambo, mwendo wa saa moja na nusu, anapita chini ya bango na kwenda kuitua ndoo mbele ya mlango wa mkwewe. Haruhusiwi kuingia. Siku ya tisa alifika akakuta bibi mzaa mama yuko kwenye kiti kifupi, mtoto kalala mapajani mwake, kafunikwa vizuri, na jikoni sufuria inatokota.

"Nioneshe mikono yake tu," alisema Mama Filimbi.

"Amelala. Siku hizi analala sana, hasumbui kabisa, mtoto mtulivu." Bibi mzaa mama alinyoosha mguu akaivuta ndoo karibu, akaingiza kata. "Asante kwa maji, mkwe. Ya leo nilikuwa nayahitaji, miche yangu ya nyanya imesinyaa." Na akaanza kumwagilia.